Macho Mawili Ndani ya Ngitili

Anayekwenda kuwinda sungura usiku katika viunga vya Ibadakuli, Shinyanga, hahitaji vitu vingi. Tochi yenye mwanga mkali, rungu, mbwa wawili watatu wanaomjua vizuri, na mwenzake wa kubeba mfuko. Sungura akimulikwa, mara nyingi hung'aa jicho moja tu, kwa sababu macho yake yako pembeni mwa kichwa. Ukiliona jicho moja jekundu chini kwenye majani, unajua ni nani. Mambo hubadilika pale tochi inapokutana na macho mawili yaliyokaa sambamba, ya kijani kuelekea manjano, yanayotazama mbele bila kupepesa. Mbwa hupandisha manyoya ya shingo. Mwenye rungu huacha kupumua kwa nukta chache, kisha neno la kwanza linalomtoka ni "chui". Mara nyingi sana si chui. Lakini rungu limekwisha kuinuliwa, na mbwa hawasubiri uchambuzi.

Katika sura hii nataka kutetea jambo moja: mkutano wa namna hiyo hauitwi wa ghafla ila na binadamu. Paka mwitu hajapotea njia wala hajaletwa na mkosi. Yuko pale kwa sababu zinazohesabika, na sehemu kubwa ya sababu hizo tumezitengeneza sisi wenyewe, kwa jembe, kwa shoka, na baadaye kwa uamuzi wa kuacha miti iote tena. Mkulima wa Shinyanga akizijua sababu hizo ataona kwamba rungu linaloshuka juu ya mnyama yule linashuka pia juu ya shamba lake.

Kwanza tumjue tunayemzungumzia. Tanzania ina jamii sita za paka wa porini. Watatu wanajulikana hata na mtoto wa darasa la pili: simba, chui na duma. Waliobaki ni wadogo, na ndio hasa wanaoweza kuishi karibu na watu bila watu kujua: mondo, simbamangu na kimburu. Mondo ana miguu mirefu kuliko unavyotarajia kwa mnyama wa kilo kumi hivi, madoa meusi juu ya manyoya ya dhahabu, na masikio makubwa yaliyosimama kama vijiko viwili. Ukimtazama kwa nyuma, kila sikio lina baka jeupe lililozungukwa na weusi. Madoa ya manyoya yake ndiyo yanayomponza, maana katika mwanga wa tochi yeye na mtoto wa chui hawatofautiani kwa mtu mwenye hofu. Simbamangu hana madoa. Ni mwekundu wa rangi ya matofali, na ncha za masikio yake zina vishungi vya nywele nyeusi. Kimburu ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa anafanana na nyau wa jikoni. Mtafute kwa miguu yake mirefu, mkia wenye pete unaoishia na weusi, na wekundu wa nyuma ya masikio. Si ajabu kwamba wanafanana: mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kuwa paka wote wa nyumbani duniani wametokana na jamii hiyohiyo ya kimburu, tawi la Mashariki ya Kati, lililojisogeza penye maghala ya nafaka kufuata panya. Paka hakutekwa na binadamu. Alifuata kazi.

Sasa turudi Shinyanga. Mgeni anayeshuka kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli, au anayepita barabarani akiona nguzo za umeme mkubwa zinazoingia kwenye kituo cha kupozea umeme cha hapo, anaweza kudhani nchi hii tangu zamani ilikuwa tambarare iliyo wazi. Haikuwa hivyo. Miaka mia moja iliyopita sehemu kubwa ilikuwa pori la migunga, na ndani ya pori hilo alikaa mbung'o. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika tangu 1919, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Kazi yake ilisaidiwa sana na Mtemi Makwaia wa Usiha, ambaye watu wake walifyeka vichaka na kusimamia moto uliochomwa kwa mpango, ili mbung'o akose kivuli. Jamii mojawapo ya mbung'o inabeba jina la Swynnerton mpaka leo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, lakini kazi iliendelea, na ikachukua sura kali zaidi. Kati ya 1945 na 1951 serikali iliendesha Shinyanga jaribio la kuwaua wanyamapori kwa makusudi, maelfu kwa maelfu, kwa hoja kwamba mbung'o akikosa damu ya kunyonya atakufa.

Inafaa kulitazama jaribio hilo kwa makini, kwa sababu ni mojawapo ya safari kubwa za uwindaji zilizowahi kuandikwa habari zake katika wilaya hii. Mbung'o walipungua kweli. Lakini miaka michache baadaye uchunguzi wa damu iliyokutwa matumboni mwa mbung'o ulionyesha kuwa wanachagua sana wanachokunywa, na kwamba mbung'o wa jamii ile ya Swynnerton hutegemea zaidi jamii ya nguruwe, hasa ngiri. Wanyama wengi waliolala chini kwa risasi hawakuwa na hatia yoyote katika kesi ya nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Silaumu wataalamu wa wakati ule. Waliona ng'ombe wakifa na watu wakihama, wakafanya walichodhani kitafaa. Ninachosema ni kwamba Shinyanga imekwisha kulipa gharama ya kuua kwanza na kuuliza baadaye, na kumbukumbu hiyo inapaswa kuwa mali yetu.

Baada ya mbung'o kuondoka, ng'ombe waliingia, kisha pamba, kisha watu wengi zaidi na haja yao ya kuni. Upande wa Geita miti ilikatwa hata kwa ajili ya matimba, zile nguzo za kuzuia mashimo ya dhahabu yasiporomoke. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kama jangwa linalozaliwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na jambo la busara kuliko yote lililofanywa na mpango huo lilikuwa kukubali kwamba Wasukuma walikuwa na dawa tayari. Dawa hiyo ni ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakue na miti ichipue, kisha linafunguliwa kiangazi kinapobana, mnamo Julai au Agosti, ng'ombe wapate cha kula. Sheria zake zililindwa na mikutano ya jadi ya dagashida na sungusungu wa kijiji. Mwaka ule wa 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa hekta 600 na ushei tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Watafiti waliozipitia walihesabu mimea ya aina zaidi ya 150 na ndege wa aina zaidi ya 140.

Hapo ndipo hesabu ya paka inapoanza. Mnyama huyu anahitaji vitu viwili: pa kujificha na cha kula. Ngitili iliyofungwa miezi saba au minane ina majani yanayomfika mtu kiunoni, na ndani ya majani hayo kuna panya, kwale, kanga, sungura na mijusi. Ukingo wa ngitili mara nyingi unapakana na shamba la mahindi au mtama, au unateremka hadi kwenye udongo mweusi wa mbuga ambako kuna majaruba ya mpunga. Mondo anapenda hasa mipaka ya namna hiyo, penye majani marefu na maji karibu. Mashimo ya mhanga yapo tele, na shimo la mhanga halikai tupu: leo ngiri, kesho nungunungu, keshokutwa kimburu na watoto wake. Wawindaji wa nungunungu wa Kisukuma, banunguli, waliokuwa wakitambaa ndani ya mashimo hayo na mkuki mkononi, walijua kwamba anayeingia kwenye shimo hachagui atakayemkuta. Kwa hiyo mwindaji anayefuata sungura kandokando ya ngitili hajakutana na paka kwa bahati. Wote wawili wamekwenda dukani kulekule kununua nyama ileile.

Paka huyo anakula nini hasa, na kwa kiasi gani? Hapa tuna ushahidi mzuri kutoka nchini mwetu. Mtafiti wa Kiholanzi Aadje Geertsema aliwafuatilia mondo wa Ngorongoro, na mwaka 1985 akachapisha aliyoyaona. Mondo husimama kimya katikati ya majani, macho yamefumba nusu, masikio yakizunguka yenyewe kutafuta mkwaruzo wa panya aliye chini ya nyasi. Akishaupata, huruka juu miguu minne ikiwa hewani, na kushuka na zile mbili za mbele juu ya kile ambacho hajakiona bado. Karibu nusu ya mashambulizi yake hufanikiwa, kiwango ambacho simba hawezi kukifikia. Kwa makadirio ya Geertsema, mondo mmoja kwa mwaka anaweza kuua panya na jamaa zao wapatao 4,000, nyoka 260 na ndege 130. Gawanya: ni panya 11 kwa siku. Panya shamba jike wa kwetu huzaa watoto wapatao kumi kwa mkupuo. Mondo, basi, anakula uzao mzima wa panya mmoja kila siku inayopita, bila posho.

Msomaji makini atasema Ngorongoro si Shinyanga, na atakuwa amesema kweli. Bonde lile ni tajiri. Ibadakuli kuna mifugo, moto na mbwa. Punguza basi, sema nusu. Bado ni panya 2,000. Pingamizi zito zaidi linatoka Morogoro, ambako watafiti wanaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine wamemchunguza panya shamba kwa miongo kadhaa. Wao walikadiria kuwa panya huyo huondoa kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi, mengine yakiwa ni mbegu anayoifukua shimo kwa shimo, mstari mzima, kabla haijatoa jani. Lakini walipojaribu kulinganisha mashamba yaliyozuiwa wanyama walao panya na mashamba yaliyoachwa wazi au kuongezewa vivutio vya ndege wawindaji, tofauti ya wingi wa panya ilikuwa ndogo. Panya anazaa haraka mno. Mvua ikiwa nzuri, hakuna mdomo unaoweza kumfikia.

Ushahidi huo naupokea bila kinyongo, na unanilazimu kuwa mkweli kuhusu ninachodai. Sidai kwamba kimburu au mondo atazuia mlipuko wa panya. Mwaka wa mlipuko utahitaji sumu, mitego, na wanakijiji kufanya kazi kwa pamoja na kwa wakati mmoja. Ninachodai ni kidogo zaidi na ni kigumu kukipinga: katika miaka ya kawaida, ambayo ndiyo mingi, kila panya aliyeliwa Novemba kabla ya kuzaa ni mbegu iliyobaki ardhini, na mnyama anayefanya kazi hiyo hagharimu chochote. Na yeye si kama sumu ya panya, ambayo kuku akiokota hufa, na mbwa akimla huyo kuku naye anaweza kufa. Babu zetu walisema paka akiondoka panya hutawala. Hawakusema paka akiwepo panya humalizika.

Kisha lipo suala la kuku, na hili halitakiwi kuchukuliwa kijuujuu, kwa kuwa kuku ndiye benki ya mama wa Kisukuma: ndiye ada ya shule, ndiye kitoweo cha mgeni, ndiye nauli ya kwenda hospitali. Kimburu huchukua kuku. Mondo naye huchukua. Anayekanusha hilo hajawahi kuishi kijijini. Lakini tazama namna hasara hizi mbili zinavyoonekana. Kuku akichukuliwa, manyoya yanabaki uani na nyumba nzima inajua. Debe la mahindi lililoliwa na panya halina manyoya. Mwenye shamba anasema tu kwamba mwaka huu mavuno yamekuwa mabaya. Tunamwadhibu mwizi anayeacha alama na kumsamehe asiyeacha. Tena kuku anayeibwa ni yule aliyelala juu ya mti au chini ya kihenge. Banda lililoinuliwa, lenye mlango unaofungwa jua linapozama, humzuia kimburu, na humzuia pia kicheche na nguchiro, ambao hasara nyingi wanazozisababisha wao hubebeshwa paka.

Je, hofu ya maisha? Hii nayo ina msingi, na haidharauliki. Craig Packer na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2005, walionyesha kuwa kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, wengi wao kusini, Lindi na Mtwara, baadhi yao wakiwa wamelala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Baadaye walionyesha kuwa hatari huongezeka katika saa za giza za siku zinazofuata mwezi mpevu. Mtu anayesikia takwimu hizo akiwa peke yake gizani, na macho mawili mbele yake, ana haki ya kutetemeka. Lakini hofu yenye haki bado inahitaji shabaha sahihi. Vifo vile vilisababishwa na simba. Mondo wa kilo kumi hamwindi binadamu, wala kimburu. Kitu cha kuhofia kwa wadogo hawa ni kichaa cha mbwa. Paka mwitu anayekuja kwa mtu mchana, hana woga, anayumba, huyo asikaribiwe. Na aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, robo saa nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Na hapa mwindaji akumbuke kwamba ugonjwa huo, mara nyingi, ni mbwa wasiochanjwa wanaoupeleka porini. Anayewaachia mbwa wake wasio na chanjo wapambane na kimburu anafanya biashara mbaya pande zote mbili.

Wapo watakaosema kwamba kumuua mnyama mkali ni sehemu ya Usukuma, na kwamba wageni wasitufundishe mila zetu. Nakubaliana na nusu ya pili kabisa. Ila mila yenyewe tuisome yote. Katika utemi wa zamani, ngozi ya simba au ya chui haikuwa ya aliyeua. Ilipelekwa kwa mtemi. Aliyemuua simba aliyevamia zizi alishukuriwa kwa zawadi, akapita kwa jamaa akicheza ngoma ya ushujaa, kwa sababu aliweka roho yake rehani kwa ajili ya mifugo ya wenzake. Wasukuma waliohamia Mpimbwe, mkoani Katavi, walikwenda na desturi hiyo, na huko watafiti waliona ikigeuka: vijana wakaanza kuwafuata simba hata ndani ya maeneo ya hifadhi, kundi kubwa likidai sifa kwa simba mmoja, kwa kuwa zawadi zilikuwa ng'ombe. Aliyekuwa mlinzi akawa mwindaji wa zawadi. Na walioamua kulirekebisha jambo hilo walikuwemo viongozi wa Kisukuma wenyewe, kupitia kampeni iliyoitwa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, kwa kuweka sheria ndogo kwamba asiyelinda mifugo asipewe zawadi. Wale ndio walioshika mila. Kama simba, mwenye uwezo wa kuua ng'ombe na mtu, alihitaji sababu kabla ya kuuawa, kimburu aliyekutwa kandokando ya njia anahitaji sababu kubwa zaidi.

Kuhusu nyama sitasema mengi. Uwindaji bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, ambayo pia inaruhusu kumuua mnyama pale maisha au mali vinapokuwa hatarini. Na mwenye njaa anayetafuta sungura hakutoka nyumbani kutafuta paka. Paka haendi chunguni katika nyumba nyingi. Anabaki kwenye majani, na ngozi yake haiwezi kuuzwa bila kuhatarisha uhuru wa muuzaji.

Kinachobaki ni jambo la siku moja katika mwaka. Ngitili inapofunguliwa Julai au Agosti, wote huingia pamoja: ng'ombe, wachungaji, wakata nyasi za kuezekea, wakusanya kuni, na mbwa. Kichaka kilichokuwa kimya tangu mvua za kwanza kinageuka sokoni asubuhi moja. Mondo jike mwenye watoto wawili au watatu kwenye majani hawezi kuwahamisha wote kwa mkupuo mmoja. Huwabeba kwa mdomo, mmoja mmoja, na anahitaji muda. Mbwa wakitangulia, hakuna kitakachobaki. Sheria ndogo za vijiji vingi zimekwisha kusema lini ngitili ifunguliwe, nani akate nini, na faini ya anayekiuka. Kuongeza kwamba siku mbili za kwanza ng'ombe waingie kutokea upande mmoja tu, wakienda polepole kuelekea upande wa pili ulioachwa wazi, na mbwa wabaki nyumbani mpaka siku ya tatu, hakuhitaji fedha ya wafadhili wala waraka kutoka Dodoma. Kunahitaji dagashida moja, na mzee mmoja wa kulitamka.